Anika, Anua: Mkeka, Zulia na Unyevu wa Pwani

Katika mitaa inayolizunguka soko la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, matandiko ya sakafuni huuzwa yakiwa yamesimamishwa wima kama magogo. Hapo mnunuzi hukuta mikeka ya ukindu, majamvi ya miyaa, mikeka ya plastiki yenye rangi za kumetameta, na mazulia ya nyuzi za viwandani yaliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba. Muuzaji akiulizwa lipi linafaa kuwekwa kibarazani, aghalabu atazungumzia bei na rangi. Akizidi kuulizwa, atasema kwamba plastiki haiozi. Jibu hilo si la uongo, lakini halijatimia, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye sayansi ndani yake.

Swali lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Kibaraza kilichozungushiwa wavu wa mbu kimekuwa chumba kamili katika nyumba nyingi za mjini. Hapo watoto hufanyia kazi za shule, wageni hukaribishwa, na katika usiku wa joto wa mwezi wa Februari watu hulala hapo hapo. Mtu aliyeketi au kulala sakafuni huvuta hewa ya sentimita chache juu ya tandiko. Kwa hiyo kilichomo ndani ya tandiko hilo huingia kifuani mwake kwanza kabla ya kumfikia aliyekaa kitini. Kwa mtoto mwenye pumu jambo hilo laweza kuwa tofauti kati ya usiku wa usingizi na usiku wa kukohoa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika hewa ya pwani kinachoamua umri wa tandiko, na afya ya wanaolikalia, si aina ya nyuzi peke yake. Muda ambao tandiko hukaa bila kukauka una nguvu zaidi, na muda huo hutegemea sana kama tandiko laweza kuinuliwa na mtu mmoja au haliwezi.

Kutoka barazani hadi nyuma ya wavu

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita hiyo eneo lilijaa nyumba za Kiswahili zilizopangwa katika mitaa iliyonyooka: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na baraza mbele. Baraza lilikuwa wazi kwa upepo. Mkeka ulitandikwa alasiri jua lilipopungua makali, na ulikunjwa watu walipoingia ndani. Ukiwa umepata maji au umande, ulianikwa uani asubuhi na kuanuliwa kabla ya mvua. Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo pacha kwa kazi hiyo, kuanika na kuanua, na mtoto wa pwani huvijua vyote viwili kabla hajajua kusoma.

Tangu miaka ya 1990 nyumba nyingi za aina hiyo zimebomolewa na mahali pake pakapandishwa majengo ya ghorofa. Baraza limehamia juu. Limekuwa roshani yenye nondo na wavu, kama zilivyokuwa tangu zamani roshani nyingi za Upanga na Kisutu. Katika nyumba za chini zilizosalia, kibaraza cha mbele au cha nyuma kimezibwa kwa wavu pia. Ua, ambao ndio uliokuwa mahali pa kuanikia, umemezwa na chumba cha ziada, duka au ghala.

Wavu wenyewe usilaumiwe upesi. Robert Koch alichunguza malaria papa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na katika mwaka huo wa 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Mwaka 1900 madaktari wawili, Louis Sambon na George Low, walikaa msimu mzima wa homa katika kibanda chenye wavu huko Ostia, karibu na mabwawa ya Roma, wakiingia ndani kabla ya jua kutua na kutoka lilipokwisha kuchomoza. Hawakuugua, ilhali jirani zao waliugua. Wavu wa waya, basi, ni kinga iliyothibitishwa, na hakuna sababu ya kuuondoa kwa ajili ya zulia.

Hata hivyo wavu una gharama yake, na gharama hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuikokotoa. Chukua wavu wenye matundu 16 katika kila inchi, uliofumwa kwa waya wenye unene wa milimita 0.28. Inchi moja ni milimita 25.4, ukigawa kwa 16 unapata milimita 1.59, yaani umbali wa kutoka waya mmoja hadi wa pili. Ukitoa unene wa waya, tundu lina upana wa milimita 1.31. Sehemu iliyo wazi ni mraba wa 1.31 kwa 1.59, yaani kiasi cha asilimia 68. Karibu theluthi moja ya dirisha imezibwa na waya hata kabla ya vumbi la barabarani kunasa. Tena hewa inayopenya katika vitundu vidogo hupoteza kasi kwa kusuguana na waya. Wavu uliokaa miezi sita bila kusuguliwa, katika mtaa wenye magari na mikokoteni kama Msimbazi au Kongo, huwa mzito kwa vumbi, na asilimia ile 68 hubaki kitabuni tu.

Kwa hiyo kibaraza chenye wavu ni mahali penye paa, pasipo jua la kutosha, penye upepo uliopungua. Hayo yote ni mambo yanayochelewesha kukauka.

Hewa yenye kiu na hewa iliyoshiba

Hewa hubeba maji katika hali ya mvuke, na kiasi inachoweza kubeba huongezeka kadiri joto linavyoongezeka. Katika digrii 20 za Sentigredi, mita moja ya ujazo ya hewa hushiba kwa gramu 17.3 za mvuke. Katika digrii 25 hushiba kwa gramu 23.0, na katika digrii 30 kwa gramu 30.4. Tunaposema unyevu wa hewa ni asilimia 75, maana yake ni kwamba hewa imebeba robo tatu ya kile inachoweza kubeba katika joto lile.

Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Alfajiri za masika unyevu wa hewa hukaribia kikomo chake. Alasiri ya kiangazi hushuka hadi kiasi cha asilimia 60 na kitu. Wengi huisikia tofauti hiyo katika ngozi zao bila kuwa na chombo chochote cha kuipimia: jasho lisilokauka, chumvi inayoshikamana ndani ya kikopo, shati lililofuliwa jana ambalo bado lina ubaridi wa maji.

Sasa tuitazame hewa iliyo juu ya sakafu. Tuseme ni siku ya Aprili, joto la hewa ni digrii 30 na unyevu ni asilimia 75. Kila mita ya ujazo imebeba gramu 22.8 za mvuke. Sakafu ya saruji inayogusa ardhi huwa na ubaridi kuliko hewa. Tuseme ina digrii 25. Utando mwembamba wa hewa unaoigusa sakafu hiyo hupoa hadi digrii 25 vilevile, na katika joto hilo gramu 23.0 ndicho kikomo. Gamu hizo 22.8 sasa ni asilimia 99. Yaani chumba kina unyevu wa asilimia 75, lakini chini ya zulia hewa imekaribia kabisa kushiba. Sakafu ikipoa kidogo zaidi, mvuke hugeuka matone, na mama wa nyumba husema sakafu inatoa jasho. Jasho hilo halikutoka katika saruji. Limetoka hewani.

Lakini zipo sakafu zinazopata maji kutoka chini kwa kweli. Sehemu kubwa ya katikati ya jiji imejengwa juu ya mchanga wa pwani, na mahali pengi maji ya ardhini hayako mbali na uso wa ardhi, hasa kuelekea bonde la Msimbazi. Saruji ina vinjia vyembamba mno, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Ikiwa fundi hakutandika karatasi ya nailoni kabla ya kumwaga zege, maji hayo hufika juu na kugeuka mvuke chini ya tandiko.

Namna ya kutofautisha aina hizi mbili za unyevu ni rahisi na haihitaji maabara. Kata kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita kila upande, kilaze juu ya sakafu iliyo tupu na safi, kisha uzibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi. Kiache siku mbili. Matone yakionekana upande wa chini wa nailoni, maji yanatoka ardhini. Yakionekana upande wa juu, yanatoka hewani. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi ishirini kazi hii wakaifanye majumbani mwao, kila mmoja akaandika tarehe, ghorofa anayoishi na hali ya hewa, na darasa likapata ramani yake lenyewe ya unyevu wa mtaa.

Nyuzi na kiu yake

Ukindu hutoka katika mkindu, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata, jamaa wa karibu wa mtende. Miyaa, ambayo pengine huitwa milala, hutoka katika mkoche, Hyphaene compressa. Makuti machanga ambayo hayajafunguka hukatwa, huchanwa, na huanikwa juani mpaka yakawa meupe. Yanayotakiwa kutiwa rangi huchemshwa pamoja na rangi. Msusi hulowanisha ukindu kidogo ili usivunjike vidoleni, akausuka kuwa shupatu, yaani ukanda mrefu, na baadaye mashupatu hushonwa pamoja kuwa mkeka. Maji yamo katika kazi hii tangu mwanzo, na msusi ndiye wa kwanza kuyaogopa: shupatu likihifadhiwa kabla ya kukauka vizuri hutoa madoa meusi ambayo hayatoki tena.

Sababu yake ni kemia. Ukindu, miyaa, katani na pamba ni selulosi kwa sehemu kubwa, na molekuli za selulosi zina vikundi vingi vya haidrojeni na oksijeni vinavyovutana na molekuli za maji. Nyuzi za jamii hii haziwezi kukaa katika hewa yenye unyevu zisinywe. Katika hewa ya asilimia 65, gramu 100 za pamba kavu hunywa kiasi cha gramu 8 za maji kutoka hewani tu, bila kumwagiwa tone. Sufu, ambayo ni protini, hunywa karibu mara mbili ya hizo. Ndiyo maana zulia la sufu, lililobuniwa kwa nchi kavu na za baridi, huwa mgeni asiye na raha katika nyumba ya pwani. Wafanyabiashara wa jahazi walileta huku busati la Maskati karne nyingi zilizopita, nalo lilikuwa jamvi la kufumwa, si zulia zito la manyoya. Inaelekea walijua walichokifanya.

Mkeka wa plastiki unaouzwa Kariakoo kwa kawaida hufumwa kwa mirija au kanda za polipropilini. Polipropilini yenye mpangilio mzuri wa molekuli ilitengenezwa na Giulio Natta huko Italia mwaka 1954, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Karl Ziegler mwaka 1963. Molekuli zake ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni tu. Hazina mahali pa kushikia maji. Gramu 100 za polipropilini hazinywi hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Kuvu haipati chakula ndani yake. Adui yake mkubwa ni jua, kwa kuwa miale ya urujuanimno huvunja minyororo ile, na mkeka usiotiwa kemikali za kinga hukauka, hupauka, kisha hukatikakatika kuwa vijipande vidogo vinavyofagiliwa kwenda mtaroni. Mkeka wa ukindu huharibiwa na maji na huokolewa na jua. Wa plastiki huvumilia maji na huuawa na jua. Nyuma ya wavu, chini ya paa, jua ni haba. Kwa hesabu hiyo peke yake plastiki ingeshinda.

Hata hivyo hesabu hiyo imesahau vumbi.

Wanaoishi ndani ya tandiko

Kinachokaa sakafuni si nyuzi tu. Kuna udongo ulioletwa na viatu, makombo ya maandazi, matone ya chai, mafuta ya nywele, na vigamba vya ngozi. Binadamu mmoja hukadiriwa kupukutisha karibu gramu moja ya vigamba vya ngozi kwa siku. Vitu hivi vyote hunywa maji kutoka hewani, na vyote ni chakula. Spora za kuvu, kama vile Aspergillus, Penicillium na Cladosporium, zimo hewani kila mahali duniani. Haziletwi na uchafu wa nyumba fulani. Zinachosubiri ni maji. Uso wa kitu ukikaa katika unyevu wa chini ya asilimia 70, ni nadra sana zikaota. Ukipita asilimia 80 na kukaa hivyo kwa siku kadhaa, huota, hutoa vimeng'enya vinavyomeng'enya kilicho karibu, na harufu ya uvundo huanza kusikika kabla jicho halijaona doa.

Hapo ndipo kosa la jibu la muuzaji lilipo. Mkeka wa plastiki hauozi, lakini ni kifuniko kizuri mno cha sakafu. Maji yaliyomwagika hupenya katika matundu ya ufumaji na kubaki chini yake, pamoja na vumbi, katika hewa ile ya asilimia 99. Kuvu huota juu ya vumbi na juu ya sakafu, nayo plastiki hubaki nzima ikiwafunika wote. Mwenye nyumba huona rangi ya mkeka inang'aa, akaamini kwamba mambo ni mazuri. Zulia lenye tabaka la mpira upande wa chini ni baya kuliko hilo, kwa sababu mpira huzuia hewa kabisa na nyuzi za juu hushikilia vumbi lisifagilike.

Mkazi wa pili ni utitiri wa vumbi la nyumbani, Dermatophagoides. Ni mdudu mwenye miguu minane, jamaa wa kupe, mwenye urefu wa kiasi cha theluthi moja ya milimita. Jicho tupu halimwoni kwa urahisi. Hali ngozi ya mtu aliye hai wala hamnyonyi damu. Chakula chake ni vile vigamba vilivyopukutika. Hanywi maji kwa kinywa kama wanyama wengine, bali huuvuta mvuke moja kwa moja kutoka hewani. Hewa ikikaa siku nyingi chini ya asilimia 50, mwili wake hukauka na kufa. Hali anayoipenda ni digrii 25 na unyevu wa asilimia 75 hadi 80. Msomaji ataona kwamba hali hiyo ni ya Dar es Salaam yenyewe, karibu mwaka mzima.

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba utitiri huu ndio chanzo kikubwa cha mzio wa vumbi la nyumbani. Kinacholeta taabu hasa ni protini zilizomo katika kinyesi chake, ambacho hupeperuka tandiko linapokanyagwa au kukung'utwa. Kwa mtu mwenye mzio, protini hizo huamsha pumu. Pumu ina vyanzo vingi, ukiwemo moshi wa jikoni na mafua, na si haki kulitwisha zulia mzigo wote. Lakini zulia lisiloinuliwa ni ghala la chanzo kimojawapo, na ghala hilo liko mahali mtoto anapotambaa.

Kukauka ni hesabu

Kwa nini basi zulia la kibarazani lisiachwe likauke lenyewe? Ili gramu moja ya maji igeuke mvuke katika joto la kawaida, huhitaji kiasi cha jouli 2,400. Tuseme zulia limenyeshewa kwa upepo wa mvua uliopenya wavuni, nalo lina lita moja ya maji. Litahitaji jouli milioni 2.4. Jua la adhuhuri huleta hadi jouli 1,000 kwa sekunde juu ya kila mita ya mraba. Kama mita moja ya zulia ingezinyonya zote, kazi ingekwisha katika sekunde 2,400, yaani dakika 40. Katika maisha halisi huchukua zaidi, kwa kuwa sehemu ya joto hupotea, lakini ni suala la saa, si la siku.

Kibarazani hakuna jua hilo. Kazi yote imebaki kwa hewa. Hewa ya digrii 25 yenye unyevu wa asilimia 90 ina nafasi ya gramu 2.3 tu kwa mita ya ujazo. Kuibeba lita moja kunataka angalau mita za ujazo 435 za hewa mpya. Kibaraza chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.5 kina mita 15 za ujazo. Hewa yake yote ingepaswa kubadilishwa mara 29, nayo katika kila badiliko iondoke ikiwa imeshiba kabisa, jambo ambalo halitokei. Alasiri ya digrii 30 na unyevu wa asilimia 60, hewa ile ile ina nafasi ya gramu 12.2, na mita 82 zingetosha. Tofauti ni zaidi ya mara tano. Saa ya kuinua tandiko, kwa hiyo, ni adhuhuri na alasiri, si asubuhi na mapema kama wengi wafanyavyo ili kuwahi kazini. Mkeka ulioanikwa wavuni saa moja asubuhi wakati wa masika hauna hewa ya kuukausha. Na mkeka ulioachwa nje hadi jua kutua huanza kuyarudisha maji uliyokwisha kuyatoa. Wazee waliosema mkeka uanuliwe mapema hawakuwa na jedwali la mvuke, lakini walikuwa sahihi.

Mkeka wa ukindu wa mtu mzima hubebwa na mtoto wa miaka kumi. Zulia la nyuzi nene la mita 3 kwa 2, likiwa na maji, huwashinda watu wazima wawili, na katika ghorofa ya tano isiyo na ua halina pa kwenda. Ndiyo maana hubaki lilipo. Ugumu huu ni wa mji kuliko wa tandiko, na wasanifu wa majengo wanapaswa kuubeba pamoja na wakazi. Beda Amuli, aliyebuni jengo la soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliliacha wazi kwa hewa kwa sababu alifahamu ni nchi gani anajengea. Ghorofa nyingi zilizofuata kuzunguka soko hilo zimejengwa zikigusana mabega, na mkazi wake hana hata kamba ya kuanikia isipokuwa ile ya ndani ya wavu.

Kwa mkazi huyo, ushauri unaotokana na hesabu hizi ni wa kawaida sana. Mikeka miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa, kwa kuwa mmoja waweza kupanda juu ya nondo wakati mwingine umetandikwa. Tandiko la plastiki liinuliwe kila siku kama la ukindu, na sakafu chini yake ifutwe ikauke. Pasibaki tandiko lolote chini ya chungu cha maua. Na kisahani cha chungu hicho kimwagwe maji, maana mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengi iliyolipuka jijini mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaa katika maji machache kama hayo, tena ndani ya wavu ule ule uliowekwa kumzuia. Wavu usuguliwe kwa brashi na sabuni kabla ya masika na kabla ya vuli. Anayetaka zulia la nyuzi kwa ajili ya wageni aliweke sebuleni kwenye ukavu, wala asiligandishe sakafuni kwa gundi.

Jaribio la darasani

Shule yenye mizani ya kupima sehemu ya kumi ya gramu yaweza kuyaona haya yote katika majuma matatu. Tafuta chupa mbili pana za kioo zenye vifuniko vinavyobana. Katika ya kwanza weka chumvi ya mezani na uiloweshe kwa maji kidogo, iwe uji mzito ambao chumvi yake haiyeyuki yote. Hewa juu ya uji huo hujiweka yenyewe katika unyevu wa asilimia 75, na haibadiliki sana katika joto la darasani. Kemia imetupa kipimo cha bure. Katika chupa ya pili weka maji matupu, ambayo hewa yake hukaribia asilimia 100. Juu ya vimiminiko hivyo weka kijukwaa cha wavu wa waya.

Kata vipande vya ukindu, vya kitambaa cha pamba, vya zulia la sufu kama lapatikana, na vya mkeka wa plastiki, kila kipande kiwe na kiasi cha gramu 20. Vianikwe siku nzima juani, vipimwe, kisha viingizwe katika chupa, visigusane wala visiguse maji. Baada ya siku saba vipimwe tena upesi. Wanafunzi waandike ongezeko la uzito kwa asilimia na kulinganisha chupa mbili.

Kisha, katika juma la pili, kila kipande kinyunyiziwe punje chache za unga wa mahindi, badala ya vumbi la nyumbani, na kurudishwa. Kuanzia hapo chupa zisifunguliwe darasani. Zitazamwe kwa nje kila siku, na madoa yachorwe daftarini pamoja na rangi zake. Mwanafunzi mwenye pumu asihusishwe na ufunguzi wa mwisho, ambao mwalimu ataufanya mwenyewe nje ya darasa, penye upepo. Katika chupa ya maji matupu, kipande cha plastiki yaelekea kitakuwa na kuvu juu ya unga kama wenzake. Kifutwe kwa kitambaa chenye sabuni, kikaushwe juani, kirudishwe kwenye mizani. Uzito wake utakuwa ule ule wa siku ya kwanza.